Mtaalamu Hapimwi kwa Pishi

Siku hizi mtaalamu akitajwa mbele ya wakubwa, aghalabu swali la kwanza si amegundua nini. Huulizwa ameandika makala ngapi, na makala hizo zimenukuliwa na wenziwe mara ngapi. Hesabu hiyo humpandisha cheo, humpatia fedha za utafiti, na pengine humnyima vyote viwili. Sisi hatuipingi hesabu. Tunachokataa ni kuifanya hakimu wa peke yake.

Natutazame kazi ya Bibi Brenda Milner, mtaalamu wa ubongo aliyezaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1918, akahamia Kanada mwaka 1944 na kufanya kazi mjini Montreal. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari mpasuaji William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyekuwa akiteswa na kifafa kikali. Alimtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya ile iitwayo hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini kijana yule hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Alizungumza na mtu kwa adabu zote. Mtu yule akitoka na kurudi baada ya dakika chache, alimpokea kama mgeni.

Bibi Milner alianza kumpima mwaka 1955. Makala aliyoiandika pamoja na Scoville ilitoka mwaka 1957, nayo ni ya kurasa 11 tu. Baadaye alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake ndani ya kioo. Ilipofika siku ya tatu Molaison alikuwa hodari wa kazi ile, ingawa hakukumbuka hata kidogo kuwa amepata kuifanya. Hapo ikadhihirika kwamba kumbukumbu si za namna moja, na kwamba mkono unaweza kujifunza jambo ambalo mwenyewe halikumbuki. Makala ya 1957 imenukuliwa maelfu ya mara. Molaison alifariki mwaka 2008, na hadi wakati huo vitabu vilimtaja kwa herufi mbili tu za jina lake. Ni haki kusema kwamba sehemu ya sifa hiyo ni yake, ijapokuwa hakuna hesabu iliyomwandikia.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California alibuni kipimo ambacho sasa kimeenea duniani. Mwenye makala 40 zilizonukuliwa kila moja mara 40 au zaidi hupewa alama 40. Ni kipimo chepesi, na wakubwa hupenda vyepesi. Lakini mtu aliyeandika makala moja tu maishani mwake, hata ikinukuliwa mara elfu tano, alama yake ni 1.

Tena kunukuliwa si kuthibitishwa. Makala moja kuhusu ubongo wa panya na ugonjwa wa Alzheimer, iliyochapishwa na jarida la Nature mwaka 2006, ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000. Mwaka 2024 jarida hilo liliifuta, kwa kuwa picha zake zilionyesha dalili za kuchezewa. Kwa miaka 18 kila aliyeitaja aliiongezea uzito.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanao mfano wa karibu, ijapokuwa si wa ubongo. Watoto 24,076 wa Pemba waliingizwa katika utafiti wa vidonge vya madini ya chuma na zinki. Mwaka 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa kabla ya wakati, maana waliopewa walizidi kulazwa na kufa kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likaurekebisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi. Makala ile nayo imenukuliwa sana. Lakini mama wa Wete au Mkoani anataka kujua kama mwanawe yu salama.

Kwa hiyo tunawaomba wanaokaa katika kamati za kupandisha vyeo na kugawa fedha waisome walau makala moja ya kila mwombaji, tangu mwanzo hadi mwisho. Na katika fomu, juu ya safu ya tarakimu, iachwe nafasi ya mwombaji kueleza kwa lugha ya kawaida utafiti wake umebadilisha nini, na kwa nani.