Mbona Twamsahau Marian Yule?

Ni nadra riwaya ya Kiingereza kuwagawanya wasomaji kama ifanyavyo New Grub Street ya George Gissing, iliyochapishwa mwaka 1891. Kila inapojadiliwa, mabishano huzuka palepale: ni nani aliye na haki, Edwin Reardon au Jasper Milvain?

Reardon ni mwandishi asiyeweza kuandika jambo asiloliamini, naye hufa maskini. Milvain huuona uandishi kuwa biashara tu. Hulichunguza soko, huliuzia linachotaka, na hatimaye humwoa Amy, mjane wa Reardon, aliyekwisha kurithi pauni 10,000. Wasomaji wa makamo aghalabu humlaani Milvain. Vijana, hasa wajuao jinsi karo inavyotafutwa, humtetea: alimficha nani nia yake, ilhali aliitangaza tangu mwanzo wa kitabu? Hoja hiyo ina uzito. Reardon naye hujihurumia kupita kiasi, na wanaomwona mtakatifu hawajasoma kwa makini magomvi yake na mkewe.

Wako pia wanaolalamika kuwa riwaya yenyewe ni ndefu mno. Hao nawaunga mkono nusu. Wakati huo riwaya mpya ilitolewa kwa juzuu tatu, bei yake shilingi 31 na peni 6, fedha ambazo msomaji wa kawaida hakuwa nazo. Waliozinunua ni maktaba za kuazimisha kwa ada, kama ile ya Mudie, nazo zilizitaka juzuu tatu kwa kuwa kitabu kimoja kiliweza kuazimwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu Reardon hurefusha mazungumzo ya wahusika wake ili kurasa zijae. Gissing aliijua adha hiyo: riwaya hii nayo ilitoka kwa juzuu tatu, na aliiuza moja kwa moja kwa pauni 150. Mtindo huo ulianguka mwaka 1894.

Lakini katika mabishano yote hayo, Marian Yule hatajwi sana. Binti huyu hushinda katika ukumbi wa kusomea wa British Museum akimtayarishia babake makala ambazo huchapishwa kwa jina la babake. Milvain humposa anaposikia amerithi pauni 5,000. Urithi unapopungua hadi 1,500, mapenzi nayo hupoa. Babake anapokuwa kipofu, mzigo wa nyumba humwangukia yeye.

Siku moja Marian anaona tangazo la kifaa cha waandishi, akadhani ni mashine iliyobuniwa kutunga vitabu badala ya watu kama yeye. Kumbe sivyo. Leo, ambapo mwanafunzi huiagiza kompyuta imwandikie insha, baadhi ya walimu huusoma ukurasa huo kama utabiri na kucheka. Nadhani hawausomi vyema. Marian haitamani mashine kwa uvivu. Anaitamani kwa sababu amekwisha kugeuzwa mashine mwenyewe, naye anaona kuwa maandishi anayoyatoa hayana haja ya mtu. Swali hilo halimhusu mwanafunzi peke yake. Lamhusu pia mwalimu anayetoa mada ileile ya insha kila muhula.

Gissing anamwachia Marian kibarua katika maktaba ya mji mdogo, mbali na London. Ukurasa wa mwisho ni wa Milvain na Amy, wakiburudika kwa piano.