Kivulini Napo Panachanua

Chini ya mfenesi watu wengi hufagia tu. Majani hukusanywa, huchomwa, na ardhi hubaki tupu mwaka mzima, kisha tunaambiana kwamba kivulini hakuna ua linaloota. Mimi sikubali. Naishi Muheza, na ukipanda kidogo kuelekea Amani utaona maua ya msituni yakichanua mahali ambapo jua halifiki ila kwa kupenyapenya. Yanachotaka ni kivuli chenye mwanga, majani yaliyooza na maji yasiyotuama. Wazee waliolima iliki chini ya miti mikubwa walilijua jambo hili zamani.

Ua ninalolipenda kuliko yote ni Saintpaulia, lile la zambarau lenye majani manene ya manyoya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala Mjerumani wa Tanga, alimpelekea baba yake mbegu zake. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, akaliandika kitaalamu na kulipa jina la familia hiyo. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Hapa kwetu, lilikotoka, sijui nyumba nyingi zilizo nalo, na hilo linaniuma.

Kulizalisha hakuhitaji mbegu. Chagua jani lililokomaa, si kongwe la chini wala changa la katikati. Likate kwa wembe safi pamoja na kikonyo cha sentimita tatu hivi, ukichomeke kwa mshazari kwenye mchanga uliochanganywa na mboji ya majani. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kuwa tope. Baada ya miezi miwili hivi utaona vijani vidogo kama masikio ya panya vikichomoza penye shina la jani lile. Vikipata nguvu, vitenganishe, uvipande katikati ya mawe, maana porini mmea huu hushikilia miamba na mizizi yake haiendi chini sana. Mwagilia udongo, usimwagie majani: maji baridi huyaachia mabaka, na yakituama moyoni mmea huoza.

Pembeni panda Impatiens, ua la vijitoni. Hilo halina shida. Ganda lake likikomaa, ukiligusa tu linapasuka na kurusha mbegu, nalo hujisambaza lenyewe.

Ila usiende kung'oa msituni. Saintpaulia nyingi za porini ziko hatarini, kwa sababu mti wa juu ukikatwa, jua huziua zilizo chini, na Hifadhi ya Amani iliwekwa mwaka 1997 ili hazina ya msitu kama hii ibaki. Mwombe jirani mwenye Saintpaulia koponi akupe jani moja. Linatosha kujaza kivuli chako, na ukishapata yako, nawe mpe mwingine.