Fahamu: VGA, HDMI au DisplayPort, waya upi unafaa kwa gemu?

Kompyuta hupeleka picha kwenye skrini kwa njia mbili. Ya analogi, yaani VGA, huibeba kama umeme unaopanda na kushuka. Ya kidijitali, yaani HDMI, DisplayPort na aina nyingi za DVI, huibeba kama tarakimu.

Tofauti inaonekana wapi?

VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, enzi za skrini nzito za tyubu, ambazo zenyewe zilikuwa za analogi. Skrini bapa ni ya kidijitali. Ukiiunganisha kwa VGA, kompyuta hugeuza tarakimu kuwa umeme, kisha skrini huugeuza tena kuwa tarakimu. Hapo ndipo ukali wa picha unapopotea: maandishi madogo ya ramani au hesabu ya risasi hufifia kingoni, hasa waya ukiwa mrefu au hafifu. Sauti nayo haipiti.

Na kasi?

Hapa wengi hukosea. Skrini ya hezi 144, yaani inayoweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, si lazima ifikie kasi hiyo kwa kila tundu. Kwenye baadhi ya skrini, HDMI huishia 60 au 120, ilhali DisplayPort hutoa 144 zote. HDMI 2.1 hufikisha 4K kwa hezi 120.

VGA bado ina kazi?

Ndiyo, kwa mwenye skrini ya tyubu na gemu za zamani.

Kwa wengine, chagua DisplayPort au HDMI. Ukishachomeka, fungua mipangilio ya skrini uweke hezi za juu, maana mara nyingi kompyuta huanzia 60.