Hati Asilia Ziwafikie Wanafunzi

Kuuliza si ujinga, walinena wazee wetu. Hata hivyo, katika madarasa mengi somo la Historia lingali somo la kupokea: mwalimu husoma, watoto hunakili, mtihani hufuata.

Tutazame Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho baina ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Wanawake wa huko hufinyanga vyungu, navyo hupakiwa mitumbwini hadi soko la Matema. Mtoto wa Ikombe akiambiwa kwamba Waingereza na Wajerumani waligawana nchi zetu, atakariri na kusahau. Lakini apewe tafsiri ya mkataba wenyewe, uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Atakuta mpaka unafuata ufuko wa ziwa hadi mlango wa mto Songwe. Kumbe, kwa maandishi hayo, mama yake akisukuma mtumbwi wa vyungu amekwisha kutoka nchini! Hapo ataanza kuuliza: nani alitia saini? Nani hakushauriwa?

Akiendelea, ibara ya sita itamwonyesha kwamba mipaka hiyo iliweza kurekebishwa kwa mapatano, kulingana na mahitaji ya mahali. Je, ilirekebishwa? Swali hilo linagusa shauri la Tanzania na Malawi lililoanza miaka ya 1960: sisi twasema mpaka u katikati ya maji, wenzetu washikilia ufuko.

Ndugu zetu wa visiwani nao wamo. Ni mkataba huo huo ambao kwao Ujerumani iliukubali ulinzi wa Mwingereza juu ya Zanzibar, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Mtoto wa Unguja na wa Ikombe wana karatasi moja ya kuihoji.

Wako wanaochelea kwamba kumwonyesha mtoto hati inayotupinga ni kuudhoofisha msimamo wa taifa. La, hasha. Aliyekariri jibu hunyamaza siku anapoonyeshwa hati. Aliyeipima, akailinganisha na kauli za wavuvi na wafinyanzi wazee, hujibu kwa hoja. Hati ya mkoloni ni shahidi, si hakimu.

Basi Wizara ya Elimu, ikishirikiana na wanaotunza nyaraka za taifa, ichague hati chache, izifasiri kwa Kiswahili fasaha na kuzifikisha shuleni. Gharama yake ni karatasi. Faida yake ni raia anayejua kwa nini nchi yake inasema inavyosema.