Juu ya nini mtoto wa nguruwe anakufa na baridi, na wa mbuzi anapona?



Leo tuongelee jambo ambalo kila mtu aliyefuga hapa kwetu amekwisha kuliona. Usiku wa mvua, baridi inashuka toka milimani upande wa Minembwe. Mbuzi amezaa, na nguruwe pia amezaa. Asubuhi mtoto wa mbuzi amesimama, ananyonya. Kwa nguruwe, wawili ao watatu wamekwisha kufa. Hapo maneno yanaanza: mwenye nguruwe ni mvivu, ao jirani ana jicho baya. Kumbe sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya jeni moja tu, na habari yake ni ya miaka mamilioni.

Jeni hiyo inaitwa UCP1. Inaagiza mwili utengeneze protini inayokaa ndani ya mafuta ya kahawia. Msiyachanganye na yale mafuta meupe ya tumbo. Mafuta meupe ni gala ya akiba. Mafuta ya kahawia ni jiko. Yanachoma chakula ili mwili upate joto bila kutetemeka.

Inafanya kazi namna gani? Fikirieni bwawa la umeme la Ruzizi. Maji yanazuiwa upande mmoja, kisha yanapita kwenye mashine na kutoa umeme. Ndani ya seli, mitokondria inafanya vilevile: inasukuma protoni upande mmoja wa utando, na zikirudi kupitia mashine yake zinatengeneza ATP, nguvu ambayo mwili unatumia. Sasa UCP1 ni kama mlango wa pembeni. Protoni zinapita pale bila kuzungusha mashine. ATP haitengenezwi, na nguvu yote inageuka kuwa joto. Ukiangalia haraka utasema ni hasara. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi, analoa maji na nje kuna baridi, hasara hiyo ndiyo uzima.

Je, jeni hii ilianza na wanyama wenye damu moto? Hapana. Hata samaki wanayo, na samaki hawana mafuta ya kahawia. Maana yake jeni ilikuwepo zamani sana, ikiwa na kazi nyingine. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba UCP1 ya wanyama wanaobeba watoto katika mfuko, jamaa ya kangaruu, haitoi joto kama ya kwetu. Kazi ya jiko ilikuja baadaye, kwa mababu wa wanyama wanaolisha mimba kwa kondo la nyuma, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Mageuzi hayakununua chombo kipya; yalichukua cha zamani na kukipa kazi nyingine.

Tena, kitu kisichotumika kinaharibika. Mnyama akiishi muda mrefu mahali pa joto, ao akiwa na mwili mkubwa unaotunza joto wenyewe, kasoro ikiingia ndani ya jeni haimuui. Anazaa, na kasoro inarithiwa. Ndiyo maana UCP1 imekufa kwa tembo, nyangumi, farasi, hata kakakuona. Ndege hawanayo kabisa; kuku wako anapata joto hasa kupitia misuli yake.

Na nguruwe? Mwaka 2006 watafiti wa Uswidi walichunguza jeni yake, wakakuta vipande vizima vimekatika. Walikadiria kwamba iliharibika yapata miaka milioni 20 iliyopita, wakati mababu wa nguruwe walikuwa wakiishi kwenye joto. Baadaye jamaa zao walifika nchi za baridi, lakini jeni iliyovunjika namna ile hairudi. Kwa hiyo mtoto wa nguruwe anabaki na njia ya kutetemeka, wakati mbuzi, kondoo na ndama wanazaliwa na jiko linalowaka.

Nguruwe mwenyewe alipata njia nyingine: mama akikaribia kuzaa, anakusanya majani na kutengeneza kiota. Sisi tunamfungia kwenye sakafu tupu, halafu tunashangaa! Mwaka 2017 watafiti wa Uchina waliingiza UCP1 ya panya ndani ya nguruwe, na watoto wakastahimili baridi vizuri zaidi. Sisi hatuhitaji laboratwari. Majani makavu mengi, kona isiyopitisha upepo na paa lisilovuja vinaokoa watoto wengi.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni watoto wetu wenyewe. Mtoto wa binadamu anazaliwa na mafuta ya kahawia shingoni, katikati ya mabega na karibu na figo. Mengi yanatengenezwa miezi ya mwisho ya mimba. Basi mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anakuja na jiko dogo na kuni kidogo. Joto lake likishuka chini ya degre 36.5, hatari imeanza.

Dawa ya kwanza haiuzwi: kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakifunikwa. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, miaka ya 1970. Mwaka 2021 utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa asilimia 25. Na Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja saa 24 kabla ya kumwosha mtoto.

Wenzangu, tukirudi vijijini wakati wa likizo, tusirudi na diploma tu. Tukikuta watu wanatafuta mchawi wa nguruwe, tuwaeleze kwa upole. Tukikuta mama amejifungua kabla ya wakati, tumsaidie amweke mtoto kifuani, kisha wapelekwe kituo cha afya wakiwa hivyohivyo. Ninyi kwenu mnafanya nini usiku wa baridi, kwa mifugo na kwa watoto? Tuandikieni, tujifunze pamoja.