Uongozi wa Mageuzi: Kipimo Chake ni Siku Kiongozi Anapohama

Zahanati inapofanya kazi vizuri, sifa kwa kawaida humwendea mtu mmoja, naye ni mganga mfawidhi. Foleni inasogea, mjamzito anapokelewa kwa heshima, dawa inajulikana ilipo, na wakazi husema wamepata mtu. Kisha barua ya uhamisho inafika. Miezi michache baadaye foleni imerudi kama zamani, leja ya dawa ina kurasa tupu, na wananchi wanaomba warudishiwe mganga wao. Ombi hilo linaeleweka, lakini linaacha swali muhimu bila jibu: ikiwa huduma nzuri iliondoka pamoja na mtu mmoja, je, zahanati yenyewe ilikuwa imebadilika?

Swali hilo ndilo kiini cha kinachoitwa uongozi wa mageuzi, nalo linawahusu wakazi wa kata kama linavyowahusu watumishi.

Maana yake

Mwaka 1978 mwanahistoria na mtaalamu wa siasa wa Marekani, James MacGregor Burns, alitofautisha aina mbili za uongozi. Aina ya kwanza ni uongozi wa mabadilishano: anayeongozwa hutoa kazi, na kiongozi humlipa, humpandisha cheo au humwadhibu. Kila upande hutimiza sehemu yake, na mapatano huishia hapo. Aina ya pili ni uongozi wa mageuzi, ambao kiongozi na anaowaongoza huinuana katika ari na maadili, hata wakalitazama lengo la pamoja kuwa kubwa kuliko faida ya mmoja mmoja.

Mwaka 1985 Bernard Bass, naye wa Marekani, aliendeleza fikra hiyo kwa kutazama namna inavyofanya kazi ndani ya taasisi. Bass hakudharau mabadilishano. Mshahara kulipwa kwa wakati, majukumu kuandikwa na utovu wa nidhamu kuchukuliwa hatua ni msingi wa kazi yoyote. Mageuzi hujengwa juu ya msingi huo, wala hayachukui nafasi yake. Mtumishi asiyelipwa haki yake hawezi kuamshwa kwa hotuba.

Nguzo nne

Wataalamu waliofuata mkondo wa Bass huueleza uongozi huu kwa nguzo nne.

Ya kwanza ni mfano wa kiongozi mwenyewe. Mganga mfawidhi anayefika saa moja na nusu asubuhi hana haja ya kutoa karipio refu kuhusu uchelewaji.

Ya pili ni kuonyesha mwelekeo unaotia moyo. Muuguzi hujituma zaidi anapofahamu kwamba rejista anayoijaza ndiyo itakayomsaidia mwenzake kugundua mtoto aliyekosa chanjo. Akiiona kuwa karatasi ya kumridhisha mkaguzi tu, ataijaza kwa kulipua.

Ya tatu ni kuwafanya watu wafikiri. Kiongozi wa mageuzi huuliza kwa nini foleni husimama katikati ya asubuhi, kisha husikiliza jibu, hata likitoka kwa mhudumu anayefanya usafi. Mara nyingi mhudumu huyo ndiye aliyeona zaidi kuliko wote.

Ya nne ni kumjali kila mtu kwa hali yake. Mtumishi mpya aliyepangiwa kijiji cha mbali anahitaji msaada tofauti na yule aliyekaa miaka 15, na kiongozi mzuri hawapimi kwa kibaba kimoja.

Kutoka Colombo hadi Mbeya

Mfano mmoja wa nguzo hizo katika sekta ya afya ulitoka Sri Lanka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, chini ya mkurugenzi wake Wimal Karandagoda, ilianza kutumia utaratibu uliozaliwa katika viwanda vya Japani, unaojulikana kama 5S. Mwaka 2007 Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, lilianza kuufikisha utaratibu huo katika nchi za Afrika kwa kutumia uzoefu wa hospitali hiyo. Tanzania ilikuwa katika kundi la kwanza, na Hospitali ya Rufaa Mbeya ikawa miongoni mwa vituo vya mwanzo nchini kuutekeleza.

Kwa Kiswahili, herufi hizo tano zimepata maneno yake: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kusasambua ni kutenganisha vinavyohitajika na visivyohitajika, kama vile vitanda vilivyovunjika na dawa zilizokwisha muda wa matumizi, ili visivyofaa viondolewe kwa utaratibu. Kuseti ni kukipa kila kifaa mahali pake na kupaandika jina. Kusafisha kunajulikana. Kusanifisha ni kuifanya hali hiyo kuwa kanuni ya wote, na kushikilia ni kuifanya kanuni hiyo kuwa tabia.

Hatua tatu za kwanza zinaweza kukamilika kwa amri, tena ndani ya wiki moja kabla ya ziara ya kiongozi wa juu. Hatua mbili za mwisho hazipatikani kwa amri. Ndiyo maana utaratibu huu huunda timu za maboresho katika kila kitengo, ili wanaofanya kazi wenyewe wachague tatizo, watafute chanzo chake na wajaribu suluhisho. Kanuni iliyotungwa na timu hubaki na timu hata mkuu wake akihama.

Mageuzi ya kweli na ya bandia

Uongozi huu una hatari yake. Mtu mwenye mvuto na maneno mazuri anaweza kuwasisimua watu kwa manufaa yake mwenyewe. Mwaka 1999 Bass na mwenzake Paul Steidlmeier waliandika juu ya tofauti kati ya uongozi wa mageuzi wa kweli na ule wa bandia, wakauweka mpaka kwenye maadili: kiongozi wa kweli hutafuta manufaa ya anaowaongoza na huwakuza wajitegemee, ilhali wa bandia huwataka wamtegemee yeye.

Dalili za aina ya pili hazijifichi sana. Funguo za stoo ziko kwa mtu mmoja. Taarifa za fedha anazijua mtu mmoja. Akisafiri, kazi husimama. Anayeuliza swali huonekana adui wa maendeleo. Kituo cha namna hiyo kinaweza kung’ara kwa muda, lakini siku ya uhamisho kitabaki mikono mitupu.

Nafasi ya wananchi

Mwananchi hamteui mganga mfawidhi wala hamzuii kuhama. Hata hivyo, anayo nafasi ya kuhakikisha kwamba kilichojengwa kinabaki. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vya kutolea huduma, zikiwemo zahanati. Kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, hushiriki kupanga na kusimamia matumizi yake. Kamati hiyo haihami. Mwenyekiti anayejua mpango wa mwaka na salio la akaunti ni hifadhi ya kumbukumbu ambayo barua ya uhamisho haiwezi kuigusa.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa wajumbe wa kamati si jambo la kujaza nafasi. Anayefaa ni yule atakayehudhuria vikao, atakayesoma taarifa na atakayethubutu kuuliza. Vivyo hivyo kwa kamati ya shule na kwa chombo cha kuendesha mradi wa maji.

Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria, ni mahali pa kuuliza mambo manne. Je, taarifa ya mapato na matumizi ya kituo imesomwa? Je, sanduku la maoni lilifunguliwa mbele ya wajumbe wa kamati, na maoni yaliyokutwa yalifanyiwa nini? Je, yupo mtumishi mwingine anayeweza kufanya kazi ya mkuu wa kituo asipokuwepo? Na mkuu wa kituo anapohama, je, makabidhiano yamefanyika kwa maandishi, kamati ikijua kilichokabidhiwa?

Maswali hayo hayamvunjii heshima mtumishi. Kiongozi wa mageuzi wa kweli huyafurahia, kwa kuwa majibu yake ndiyo ushahidi kwamba kazi aliyoifanya itaendelea mikononi mwa wengine baada ya yeye kupangiwa kituo kingine.