Protini inayoamua hamira ikue au itulie

Hamira inapopata sukari ya kutosha, kazi inayokula nguvu zake nyingi ni kutengeneza ribosomu, mitambo inayounda protini. Seli moja inayokua kwa kasi ina ribosomu zipatazo 200,000 na huongeza nyingine kama 2,000 kila dakika. Takriban asilimia 60 ya unakili wote wa jeni zake huenda kwenye RNA ya ribosomu. Gharama kama hiyo lazima iwe na msimamizi, na ushahidi unaonyesha kuwa msimamizi huyo si jeni zenyewe bali protini chache zinazoongoza unakili, hasa iitwayo Rrn3.

Mtu anaweza kupinga akisema kinachoamua ni wingi wa jeni. Hamira ina nakala kama 150 za jeni za RNA ya ribosomu, zimefuatana kwenye kromosomu ya 12. Lakini karibu nusu huwa zimenyamaza, na hamira iliyopunguziwa nakala hadi 40 hivi hukua vilevile, kwa kuwa kila jeni hubeba vimeng'enya vingi zaidi vya kuinakili, yaani polimerasi.

Protini hizo zinazoongoza unakili zilinaswa kwa mtego wa werevu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Masayasu Nomura na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliipa hamira jeni ya RNA ya ribosomu iliyounganishwa na swichi inayowashwa na sukari ya galaktosi, ikinakiliwa na polimerasi ya pili badala ya ya kwanza, ambayo ndiyo yenye kazi hiyo. Kisha wakatafuta hamira zinazoishi kwenye galaktosi na kufa kwenye glukosi: hizo ndizo zilizoharibikiwa mfumo wa kawaida. Humo zikapatikana protini za kundi la UAF, linaloshika mwanzo wa jeni. Ajabu ni kwamba UAF ikiharibiwa, baadhi ya seli hatimaye huiruhusu polimerasi ya pili inakili jeni hizo. Kumbe kazi yake ni pamoja na kuzuia.

Rrn3 yenyewe ni kama mpiga debe: huifikisha polimerasi ya kwanza kwenye jeni, na safari ikianza yeye hubaki nyuma. Chakula kikipungua, au hamira ikipewa rapamisini, dawa inayozima njia ya TOR inayopima lishe, polimerasi zilizoshikamana na Rrn3 hupungua na unakili hushuka. Je, huenda ni sadfa tu? Mwaka 2006 watafiti nchini Ufaransa waliunganisha Rrn3 na polimerasi zisiachane kabisa. Walipoongeza rapamisini, unakili haukushuka kama kwenye hamira ya kawaida. Jaribio hilo, kwa maoni yangu, linapita mengine yote kwa uzito.

Wapo watakaosema hamira si binadamu. Ni kweli, ila nasi tuna Rrn3 yetu, na rapamisini hiyohiyo hutumiwa kwa waliopandikizwa figo. Tahadhari inahitajika kwingine. Kwa kuwa seli za saratani hutengeneza ribosomu kwa pupa, dawa ya CX-5461 ilibuniwa kuzuia polimerasi ya kwanza, ikafikia majaribio kwa wagonjwa; baadaye ikabainika kwamba sehemu kubwa ya makali yake hutokana na kunasa topoisomerasi, kimeng'enya kinachofungua DNA iliyojisokota, hadi DNA ikatike.